Waliokaa Nyuma ya Mwimbaji: Kumbukumbu za Wapiga Gitaa la Chuma

Usiku wa kuamkia siku ya mwaka mpya wa 1953, askari wa usalama barabarani wa jimbo la Tennessee, nchini Marekani, aliisimamisha motokaa moja aina ya Cadillac karibu na mji mdogo wa Blaine. Dereva wake alikuwa kijana wa miaka 17, naye alikuwa akiendesha kwa namna ya kuhatarisha maisha ya watu. Katika kiti cha nyuma alilala mtu mrefu, mwembamba, ambaye hakutikisika. Askari yule aliingiwa na wasiwasi, akamwambia dereva kwamba abiria wake anaonekana kama maiti. Dereva akajibu kuwa bwana yule amekunywa kidogo, na tena daktari amempa dawa ya kumtuliza. Kijana akatozwa faini ya dola 25, kisha akaruhusiwa kuendelea na safari. Asubuhi yake, huko Oak Hill katika jimbo la West Virginia, ilithibitishwa kwamba abiria yule alikuwa amekwisha kufa. Jina lake ni Hank Williams, mwimbaji aliyevuma kuliko wengi wa muziki wa kantri wa zama zile. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Mengi yameandikwa juu ya safari hiyo. Hata askari yule aliandika ripoti yake, na ripoti hiyo imesomwa na kusomwa tena na watu ambao hawajapata kuikanyaga ardhi ya Tennessee. Ndugu zetu wa kikosi cha barabarani watakubali kwamba si kila siku ripoti ya namna hiyo hupata wasomaji wengi kiasi hicho. Lakini leo, ndugu msomaji, tunamwacha yule aliyelala kiti cha nyuma ili tumtazame mtu aliyekuwa akingojewa naye, au tuseme aliyekuwa akimngojea, huko mwisho wa safari. Katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, tarehe 1 Januari, watu walikuwa wamekwisha kununua tikiti zao. Miongoni mwa wanamuziki waliofika huko kumpigia Hank Williams alikuwamo Don Helms, mpiga gitaa la chuma.

Jina hilo halikuandikwa kwenye mabango. Hata hivyo, mtu yeyote aliyepata kuzisikia sahani za Hank Williams amemsikia Don Helms, kwani sauti ile nyembamba inayolia juu ya maneno, kama mtu anayeomboleza kwa mbali, ilikuwa ya mikono yake. Alipiga katika nyimbo zaidi ya 100 za bwana wake.

GITAA LISILOSHIKWA KAMA GITAA

Inafaa kwanza tueleze chombo chenyewe. Gitaa la chuma halikupata jina hilo kwa sababu limeundwa kwa chuma. Jina linatokana na kipande cha chuma laini kilichosuguliwa, ambacho mpigaji hukishika kwa mkono wa kushoto na kukitelezesha juu ya nyuzi. Gitaa lenyewe hulazwa chali, ama mapajani ama juu ya miguu yake kama meza, na mpigaji huketi nyuma yake. Mkono wa kulia, uliovikwa kucha za bandia katika kidole gumba na vidole viwili, huchomoa nyuzi. Kwa kuwa chuma huteleza bila kukutana na kizuizi chochote, sauti nayo haipandi kwa kuruka ngazi baada ya ngazi kama ilivyo katika piano. Hupanda na kushuka kama sauti ya binadamu anayelia au anayeita. Huo ndio uzuri wake, na ndio ugumu wake pia. Chuma kikipita mahali pake kwa upana wa unywele, kila mtu ukumbini husikia kosa.

Chombo hiki hakikuzaliwa Tennessee wala Texas. Kwa masimulizi yanayokubaliwa na wengi, mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, kijana wa kijiji cha Laie katika kisiwa cha Oahu, visiwa vya Hawaii, ambaye yapata mwaka 1889 alianza kupiga gitaa kwa kulipitishia kipande cha chuma. Alipokuwa mwanafunzi huko Honolulu alikitumia karakana cha shule kutengeneza chuma kilichomfaa zaidi. Mwaka 1904 alihama kwao, akapiga muziki Marekani na Ulaya, na alifariki mwaka 1932 katika jimbo la New Jersey, mbali na visiwa vyake. Maonyesho makubwa ya mwaka 1915 mjini San Francisco yaliwaingiza Wamarekani wengi katika mapenzi ya muziki wa Hawaii. Vikundi vya wanamuziki kutoka visiwani vikazunguka nchi nzima katika mahema na kumbi ndogo, na vijana wa mashambani kusini wakaketi mbele kabisa wakitazama mikono yao.

Hata sisi wa Afrika Mashariki tumo katika habari hii, ingawa kwa mlango wa nyuma. Mwimbaji Jimmie Rodgers, ambaye wengi humwita baba wa muziki wa kantri, alirekodi baadhi ya nyimbo zake mwaka 1928 na 1929 akisindikizwa na gitaa la chuma, na mmoja wa wapigaji hao, Joe Kaipo, alikuwa mtu wa Hawaii. Sahani za Rodgers zilifika Kenya pamoja na gramafoni. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwakuta Wakipsigis wakiwa na nyimbo zinazomtaja mtu wa ajabu aitwaye Chemirocha. Huyo Chemirocha hakuwa mwingine ila Jimmie Rodgers, ambaye jina lake lilikuwa limegeuzwa likakaa vizuri kinywani mwa wenyeji. Katika mojawapo ya nyimbo hizo amekuwa kiumbe nusu mtu, nusu mnyama. Rodgers mwenyewe alikufa mwaka 1933, asijue kamwe kuwa ana wasifu wa namna hiyo katika nchi ya Wakipsigis.

MAISHA YA BARABARANI

Muziki wa kantri ulikuwa muziki wa safari. Huko Nashville, makao makuu ya muziki huo, kulikuwa na kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, kilichoanzishwa mwaka 1925 na kurushwa kila Jumamosi usiku. Mwimbaji aliyekuwa mwanachama wa kipindi hicho alipata jina, lakini fedha zilikuwa katika miji ya mbali. Basi bendi iliondoka Nashville mara baada ya kipindi, ikalala garini, ikatumbuiza Jumapili huku, Jumatatu kule, Jumatano katika jimbo jingine, kisha ikakimbia mchana na usiku ili Jumamosi iwe imerejea mbele ya vipaza sauti vya redio. Katika miaka ya 1940 wengi wao hawakuwa na basi. Watu watano au sita walibanana katika motokaa moja, na besi kubwa ya mbao ikafungwa juu ya paa.

Mpiga gitaa la chuma alikuwa na mzigo mzito kuliko wenzake. Chombo chake kilikuwa na miguu ya kufungua na kufunga, pedali ya kuongeza na kupunguza sauti, na kipaza sauti chake cha umeme. Alifika wa kwanza jukwaani na kuondoka wa mwisho. Tena, lilipozuka pigano ukumbini, mpiga fidla aliweza kuruka na fidla yake mkononi. Mpiga gitaa la chuma alikuwa ameketi, amezungukwa na vyuma vyake, na hana njia.

Na mapigano yalizuka. Don Helms, mzaliwa wa jimbo la Alabama, aliingia katika bendi ya Hank Williams, iliyoitwa Drifting Cowboys, akiwa kijana ambaye hajafika miaka 20. Miaka mingi baadaye alipenda kusimulia jinsi Hank alivyowachukua wapigaji wake wapya hadi duka la kuweka rehani, akamnunulia kila mmoja kirungu kifupi cha ngozi kilichotiwa risasi ndani, akawaeleza kuwa wakitaka kufanya kazi naye watavihitaji. Kumbi za ulevi za Alabama wakati wa vita hazikuwa mahali pa mzaha. Msomaji aliyepata kutumwa kutuliza ghasia baani usiku wa mwisho wa mwezi hahitaji maelezo zaidi.

Mwaka 1945 Helms aliitwa jeshini. Aliporudi uraiani alipiga katika kumbi za nyumbani, na Hank alipokwenda Louisiana mwaka 1948 kujaribu bahati yake katika redio ya huko, Helms hakumfuata, kwa maana hapo nyumbani alikuwa akipata fedha za kutosha. Ndiyo maana wimbo uliomfanya Hank awe mtu mkubwa, uliorekodiwa Cincinnati mwezi Desemba 1948, una gitaa la chuma la mtu mwingine, Jerry Byrd. Hank alipopokewa Grand Ole Opry mwaka 1949, alimwita Helms, naye safari hii hakusita.

Siri ya sauti yao wawili ilikuwa ndogo, na inafaa itajwe. Fred Rose, aliyesimamia urekodi wa nyimbo za Hank, alimwagiza Helms asipige katika kimo kile kile cha sauti ya mwimbaji. Mwimbaji akiwa chini, gitaa likae juu, juu kabisa, hata nyuzi zilie kama filimbi. Kwa njia hiyo wawili hao hawakugombea mahali. Kila neno la Hank lilisikika, na baada ya neno likaja jibu kutoka juu. Agizo hilo moja la kikazi, ambalo lingeweza kuandikwa nyuma ya bahasha, ndilo lililozaa sauti ambayo waimbaji wengine waliitafuta kwa miaka mingi baadaye. Mwandishi wa makala haya huona kwamba Helms anastahili sifa kwa kulitii kuliko hata kwa ufundi wa vidole vyake. Wapigaji hodari wanaokubali kuambiwa wapi wasipige ni wachache.

Bwana wake hakuwa mtu rahisi. Hank aliumwa mgongo tangu ujana, akalewa, akakosa kufika alikoahidi, na mwezi Agosti 1952 wakuu wa Grand Ole Opry walimfukuza. Wapigaji wa Drifting Cowboys walitawanyika kutafuta riziki kwa waimbaji wengine, na hata katika safari ile ya Canton Helms alikuwa amekwenda kwa mwito wa onyesho moja tu.

Habari za kifo zilipofika ukumbini, wako watazamaji waliodhani ni kisingizio kingine cha mlevi. Kisha taa zikazimwa, ukabaki mwanga mmoja ukiangaza mahali patupu pa jukwaa, na kutoka nyuma ya pazia wanamuziki wakaimba wimbo wa dini ambao Hank mwenyewe aliutunga. Siku tatu baadaye, tarehe 4 Januari, watu wengi mno walikusanyika Montgomery, Alabama, kwa mazishi. Waimbaji wakubwa wa Nashville walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, na jeneza liko mbele yao. Helms alikuwapo na gitaa lake. Alifanya mazishini kazi ile ile aliyokuwa akiifanya kila usiku, isipokuwa safari hii sauti aliyoizoea kuijibu haikuwapo.

PEDALI ZINAINGIA

Mwaka huo huo kazi yenyewe iligeuka. Mnamo Novemba 1953 mpigaji aitwaye Bud Isaacs alikwenda kurekodi na mwimbaji Webb Pierce akiwa na gitaa lililoundwa na fundi Paul Bigsby wa California. Gitaa hilo lilikuwa na pedali chini yake. Pedali zilikuwa zimekwisha kuwapo kabla ya hapo, lakini wapigaji walizitumia kubadili mpangilio wa nyuzi kati ya kipande kimoja na kingine. Isaacs alifanya jambo jingine: alizichomoa nyuzi, na wakati bado zinalia akaikanyaga pedali, hata uzi mmoja ukakaa mahali pake huku mingine ikipanda. Wasikilizaji hawakujua kimetendeka nini. Wimbo huo uliotoka mwaka 1954 ulikaa juu ya orodha za nyimbo kwa wiki nyingi, na wapigaji nchi nzima wakaanza kufunga vyuma na waya chini ya magitaa yao wakijaribu kuigiza.

Kwa wapigaji wa zamani hilo lilikuwa kama siku farasi walipoondolewa katika vikosi na magari yakaletwa. Jerry Byrd, ambaye katika kupiga kwa chuma peke yake hakuwa na mshindani, alizikataa pedali hadi mwisho. Mwaka 1972 alihamia Hawaii. Huko alikuta kwamba vijana wa visiwani wamekwisha kulisahau gitaa la babu zao, akaanza kuwafundisha. Hivyo mtu wa Ohio ndiye aliyewarudishia watu wa Hawaii kitu chao, na alifariki huko huko mwaka 2005.

Aliyezipenda pedali kuliko wote ni Buddy Emmons, mtoto wa Mishawaka, jimbo la Indiana. Mwaka 1955, akiwa na miaka 18, alipata kumshikia nafasi mpigaji mwingine huko Detroit katika bendi ya Little Jimmy Dickens. Siku si nyingi akaajiriwa. Pedali moja ya Isaacs ilivuta nyuzi mbili pamoja. Emmons aliona kuwa kazi hiyo ikigawanywa katika pedali mbili, mguu utaweza kuchagua uzi mmoja au mwingine au yote miwili. Kutokana na wazo hilo na mengine kama hilo, gitaa la chuma likawa chombo cha mwili mzima. Gitaa la kawaida la Nashville la siku zilizofuata lina nyuzi 10, pedali tatu kwa mguu wa kushoto, na wenzo kadhaa zinazosukumwa kwa magoti, na wakati huo huo mguu wa kulia unaongoza ukubwa wa sauti. Dereva wa lori kubwa ana shughuli chache kuliko hizo. Emmons pia alishirikiana na mpigaji mwenzake, Shot Jackson, kuanzisha kiwanda cha magitaa hayo kilichoitwa Sho-Bud, na baadaye mwaka 1963 akashiriki kuanzisha kiwanda kingine chenye jina lake.

Mwaka 1957 aliingia katika bendi ya Ernest Tubb. Bendi hiyo, Texas Troubadours, ilitajwa na wanamuziki kama chuo cha safari. Tubb alikuwa mtu wa Texas mwenye sauti nzito isiyo na madoido, aliyekaa barabarani sehemu kubwa ya mwaka, na nyuma ya gitaa lake aliandika neno la shukrani kwa herufi kubwa, ili mwisho wa wimbo aligeuze na kila mtu alisome. Kubwa zaidi kwa maoni yetu ni desturi yake ya kuwataja wapigaji kwa majina. Ilipofika zamu ya gitaa la chuma, Tubb aliacha kuimba, akamwita mpigaji mbele ya watu wote, na jina hilo likabaki hata ndani ya sahani. Bob Wills wa Texas alikuwa na desturi hiyo hiyo miaka ya 1930, akipaza sauti kumwita Leon McAuliffe, kijana aliyejiunga naye akiwa na miaka 18. Wapenzi wengi wa muziki ule walimjua Leon kwa jina kabla hawajaiona picha yake.

Tunalitilia mkazo jambo hili kwa kuwa ndilo lililowauma wengine. Mishahara ya wapigaji wa safari ilikuwa ya siku kwa siku. Siku isiyo na onyesho haikuwa na malipo. Na ilipofika wakati wa kurekodi, mabwana wa Nashville walipendelea kundi dogo la wapigaji wa studio ambao hawakusafiri. Mpigaji wa safari aliusikia wimbo mpya wa bwana wake redioni kama mtu mwingine yeyote, akajifunza alichokipiga mwenziwe, kisha akaenda kukipiga usiku 200 katika miji 200. Watazamaji walimpigia makofi kwa sauti waliyoipenda kwenye sahani, na aliyeitoa sauti hiyo alikuwa amelala nyumbani kwake. Si dhuluma kwa sheria, maana kila mmoja alilipwa kwa kazi yake. Lakini wazee wengi walioitumikia barabara walizungumza juu yake kwa uchungu kuliko walivyozungumza juu ya ajali au njaa.

Huko California mambo yalikuwa tofauti kidogo. Buck Owens wa mji wa Bakersfield alirekodi na bendi yake mwenyewe, na ndiyo sababu Tom Brumley, aliyejiunga naye mwishoni mwa mwaka 1963, anasikika katika wimbo wa Together Again wa mwaka 1964. Wapigaji wa vizazi vyote huutaja mchango wake mfupi katikati ya wimbo huo kama somo la jinsi ya kusema mengi kwa maneno machache. Mwaka 1966 alikuwa jukwaani pamoja na Owens katika ukumbi wa Carnegie, New York, mahali ambapo watu wa mashambani hawakutazamiwa.

WALIODUMU

Katika jeshi tunamheshimu mtu aliyemaliza muda wake bila doa. Katika habari hizi yumo Norm Hamlet. Mwaka 1967 alijiunga na bendi ya Merle Haggard, mwimbaji ambaye kabla ya kupata jina alikuwa mfungwa katika gereza la San Quentin hadi alipoachiliwa mwaka 1960. Hamlet alipiga gitaa la chuma nyuma ya Haggard, akawa pia kiongozi wa bendi, hadi Haggard alipofariki tarehe 6 Aprili, 2016, siku yake ya kuzaliwa ya 79. Hiyo ni takriban miaka 49 nyuma ya mtu mmoja. Ndoa nyingi hazifiki huko, na Haggard mwenyewe alioa mara tano.

Hamlet ndiye pia aliyemfundisha msichana mdogo aitwaye Barbara Mandrell. Mwaka 1960, akiwa na miaka 11, msichana huyo alionyesha upigaji wake katika mkutano wa wafanyabiashara wa vyombo vya muziki mjini Chicago, na kufikia mwaka 1962 alikuwa katika msafara mmoja na Johnny Cash na Patsy Cline. Baadaye alitumbuiza na bendi ya wazazi wake katika kambi za askari wa Marekani huko Asia. Alikuja kuwa mwimbaji mkubwa mwenye kipindi chake cha televisheni, na hata hapo aliendelea kuketi nyuma ya gitaa la chuma mbele ya kamera, jambo ambalo hawakulitarajia waliodhani kwamba chombo hicho ni cha wanaume wenye kofia pana.

John Hughey wa Arkansas alimpigia Conway Twitty kwa miaka 20, tangu 1968 hadi 1988. Ralph Mooney, aliyeshiriki kutunga wimbo wa Crazy Arms ulioimbwa na Ray Price mwaka 1956, alimtumikia Waylon Jennings muda kama huo. Buddy Emmons mwenyewe, bingwa wa mabingwa, alifika mwishoni mwa miaka ya 1960 akawa anapiga besi nyuma ya Roger Miller. Wakati huo gitaa la chuma lilikuwa limepungukiwa na marafiki. Nashville ilitaka kuuza sahani mijini, na kwa ajili hiyo iliondoa vilio vya chuma ikaweka piano laini, waitikiaji na fidla nyingi za namna ya orkestra. Mfano wake tunao majumbani mwetu. Jim Reeves, aliyependwa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam labda kuliko mwimbaji yeyote wa kantri, alianza katikati ya miaka ya 1950 na mpiga gitaa la chuma mkali, Jimmy Day, katika bendi yake. Nyimbo zake zilizotufikia kwa wingi ni za baadaye, na ndani yake piano ya Floyd Cramer imekaa katika kiti alichokuwa akikalia Day. Wengi wetu tulimpenda Reeves bila kujua kwamba kuna mtu aliyekwisha kuondolewa.

Emmons alirudi Nashville mwaka 1974, akapiga na waimbaji wasiohesabika, na alifariki mwaka 2015.

BINTI ALIYEZALIWA BAADAYE

Tumrudie Don Helms. Baada ya mazishi ya Montgomery aliendelea na kazi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua. Alisafiri na Ray Price, kisha na ndugu wawili wa Wilburn, na ni yeye anayesikika katika wimbo wa Patsy Cline, Walkin' After Midnight. Pedali zilipowashika wenzake wote, yeye alibaki na gitaa la aina ile ile aliyompigia Hank, lenye shingo mbili za nyuzi nane nane, bila pedali.

Tarehe 6 Januari, 1953, siku mbili tu baada ya Hank Williams kuzikwa, alizaliwa huko Alabama mtoto wa kike. Mama yake hakuwa mke wa Hank. Mtoto alipewa watu wengine wamlee, akakua bila kuambiwa baba yake ni nani. Alikuwa mtu mzima alipoanza kuufuata ukweli, na baada ya mashauri marefu mahakama zilimtambua katika miaka ya 1980 kuwa binti wa Hank Williams. Alichukua jina la Jett Williams, akaamua kuimba.

Alipounda bendi ya safari, aliwatafuta wale waliobaki wa Drifting Cowboys. Don Helms, ambaye sasa alikuwa mzee, akafungasha tena gitaa lake na kurudi barabarani. Binti huyu hakuwahi kumwona baba yake hata kwa dakika moja. Alichoweza kukipata ni sahani ambazo kila mtu dukani angeweza kuzinunua, na mtu mmoja aliyejua nyimbo hizo zilipigwaje katika mwendo, katika kimo gani, baada ya neno gani, na baba alikuwa mtu wa namna gani garini saa tisa za usiku.

Usiku wa onyesho Helms aliketi mahali alipozoea, pembeni na nyuma kidogo ya mwimbaji, akaweka chuma juu ya nyuzi nyembamba, juu kabisa, kama Fred Rose alivyomwagiza zaidi ya miaka 40 kabla ya hapo. Binti alianza kuimba. Mwisho wa mstari alinyamaza, na Helms akajibu.

Aliendelea na kazi hiyo hadi uzee wake. Alifariki tarehe 11 Agosti, 2008, akiwa na umri wa miaka 81.